Abdulrazak Gurnah: Mwana wa Malindi na wajukuu wa wapagazi

Msomaji wa bara, aliyezaliwa na kulelewa katika nchi hii ya pamba na mifugo, anapokishika mkononi kitabu cha Abdulrazak Gurnah, hana haja ya kuanzia Unguja alikozaliwa mwandishi huyo, wala Uingereza alikoumaliza ujana wake na kuuingia uzee. Aanzie njiani, katika ile njia kongwe ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikagawanyika kuelekea Ujiji na kuelekea ziwa letu, kwa kuwa katika njia hiyo ndimo babu zetu Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walimokutana na watu wa pwani, mmoja akileta mali na mwenzake akileta mabega. Katika njia hiyo ndimo pia Gurnah alimoipata riwaya iliyomtangaza duniani, na ndimo sisi wa Mwandoya, huku Meatu, tulio mbali na bahari kwa mwendo wa miguu wa wiki nyingi, tunamopata haki ya kusema kuwa mwandishi huyu ni wetu pia.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2021, Akademia ya Uswidi ilipotangaza kutoka Stockholm kuwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka huo amepewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kwa jinsi alivyoyachungua, bila ya kuoneana haya na mtu na kwa huruma nyingi, madhara ya ukoloni na masaibu ya mkimbizi aliyekwama baina ya tamaduni na mabara. Mwenyewe alikuwa jikoni kwake akijitengenezea chai simu ilipolia, na mwanzo alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Hapakuwa na mzaliwa wa Tanzania aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Na tangu alipoipata Wole Soyinka wa Nigeria mwaka 1986, wakafuata Naguib Mahfouz wa Misri na Nadine Gordimer na J. M. Coetzee wa Afrika Kusini, bara letu lilikuwa limekaa muda mrefu bila ya kutajwa katika ukumbi ule. Salamu za pongezi zilitoka Ikulu ya Dodoma na Ikulu ya Zanzibar, magazeti yakajaa picha yake, na wakati huo huo likazuka swali ambalo kila mpenda vitabu alipaswa kulijibu kwa insafu: ni nani mtu huyu aliyekwisha kutunga riwaya kumi juu ya nchi yetu, na kwa nini wengi wetu hatukuwa tumesoma hata moja?

Jibu lake halikuwa gumu, nalo halikuwa la kumfedhehesha mtu mmoja peke yake. Riwaya zote kumi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, zikachapishwa London, zikauzwa kwa bei ya London, na hakuna hata moja iliyokuwa imefasiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo makala haya yanakusudia kusimulia maisha na kazi za mwandishi huyo kwa wale wasiobahatika kumsoma, na pamoja na kusimulia yanadai jambo moja: kwamba tuzo ya ughaibuni, iwe adhimu kiasi gani, haikamiliki mpaka vitabu vyenyewe viwafikie watu ambao habari zao zimeandikwa humo, wavisome kwa lugha yao, na wao wenyewe wakae kitako kuvihukumu.

Mtoto wa bandarini

Gurnah alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948, akakulia Malindi, mtaa ulioegemea bandari ya Mji Mkongwe, ambako katika miaka hiyo majahazi yalikuwa bado yakiingia na pepo za kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kisha yakingoja kusi ya kuyarudisha yalikotoka. Mtoto aliyelelewa mahali pale hakuhitaji kuambiwa na mwalimu kuwa dunia ni pana na watu wake ni wa namna nyingi, maana kila mwaka dunia iliteremka pwani mbele ya macho yake, imevaa vilemba na vikoi, inazungumza lugha anazozijua na asizozijua, inauza tende na mazulia na inanunua boriti za mikoko. Jamaa za baba yake asili yao ilikuwa Yemeni. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Na elimu yake ya awali aliipata chuoni, kwa kusoma Kurani, sambamba na ile ya skuli iliyofuata taratibu za Waingereza waliokuwa wakiihami Zanzibar wakati huo. Sura za Kurani na hekaya za Alfu Lela Ulela ni katika chemchemi za mwanzo za usanii wake, nazo hazikukauka hata alipokuja kuandika kwa lugha nyingine.

Alikuwa na umri wa miaka 15 yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yaliyouangusha utawala wa Sultani mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Mapinduzi hayo, ambayo kwa watu wengi yalikuwa ni ukombozi kutoka katika dhulma ya karne nzima, kwa wengine yalikuja na hofu, kufilisiwa, kutiwa kizuizini na kuhama, hasa kwa wale walionasibishwa na Uarabu. Na Gurnah, ambaye hakuwa mtawala wala mwana wa mtawala, alijikuta katika kundi hilo la pili. Akiwa na miaka 18 aliondoka pamoja na ndugu yake, wakafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo wageni wa rangi yao walikuwa wakitukanwa hadharani barabarani. Hakupata njia ya kurudi nyumbani hata kuwaona wazee wake mpaka mwaka 1984, na alipofika alimdiriki baba yake akiwa katika siku za mwisho wa uhai wake.

Huko Uingereza, katika mji wa Canterbury, alifanya kazi za utumishi wa hospitali ili apate riziki, kisha akaingia chuoni. Akaendelea na masomo hadi akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kwa utafiti juu ya vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi. Baina ya mwaka 1980 na 1983 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Bayero kule Kano, Nigeria, na baadaye akarejea Kent, ambako alisomesha fasihi hadi alipostaafu akiwa profesa. Alihariri vitabu vya insha juu ya waandishi wa Afrika, akaandika juu ya Soyinka, Ngũgĩ na Salman Rushdie, akawa mtu wa kutegemewa na wanafunzi. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ikifanyika faraghani, usiku na siku za mapumziko.

Kuandika kulianza kwake kama dawa ya upweke. Kijana aliyeketi katika chumba cha baridi, hana habari za mama yake ila zile za barua, aliikumbuka nyumba aliyoiacha, akaanza kuyaandika anayoyakumbuka. Na kadiri alivyoandika alitambua kuwa kumbukumbu zake zina mshindani, yaani ile simulizi nyepesi iliyokuwa ikitangazwa juu ya watu wake, kwa upande mmoja na Waingereza waliojisifu kuwa walileta ustaarabu, na kwa upande mwingine na watawala wapya waliotaka yaliyopita yasahauliwe. Tangu siku hiyo hadi leo kalamu yake haijaacha kuzipinga simulizi hizo mbili kwa pamoja.

Mlolongo wa riwaya zake

Mswada wa riwaya ya kwanza ulizunguka kwa wachapaji miaka mingi kabla ya kukubaliwa, na hatimaye Memory of Departure ikatoka mwaka 1987, kisa cha kijana Hassan Omar anayeikimbia dhiki ya mji wa pwani kwenda kwa mjomba tajiri Nairobi. Mwaka 1988 ikafuata Pilgrims Way, ambamo Daud, mhamiaji kutoka Tanzania, anafanya kazi za hospitali katika mji mdogo wa Kiingereza na kuwaandikia watu barua kichwani mwake bila ya kuzitia kwenye karatasi. Na mwaka 1990 ikatoka Dottie. Vitabu hivyo vitatu viliheshimiwa na wachache. Kilichofungua milango ni cha nne, Paradise, kilichochapishwa mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker; nacho tutakirudia, kwa kuwa ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa huku. Kisha zikaja Admiring Silence mwaka 1996, By the Sea mwaka 2001, Desertion mwaka 2005, The Last Gift mwaka 2011, Gravel Heart mwaka 2017, Afterlives mwaka 2020, na baada ya Nobel, mwaka 2025, Theft.

Katika hizo, By the Sea, ambayo tafsiri yake ya Kifaransa ilipata mwaka 2007 tuzo iliyotolewa na Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, inastahili kutazamwa kwa karibu, maana mlango wake wa kwanza unaonyesha ustadi wote wa mtunzi huyu. Mzee Saleh Omar, mwenye umri wa miaka 65, aliyekuwa mfanyabiashara wa samani Zanzibar, anateremka katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasi yenye jina lisilo lake, naye ameshauriwa ajifanye hajui neno hata moja la Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anaufungua mkoba wake na kuyapekua aliyoyabeba, vitu vya mtu maskini, hadi anapokifikia kijikasha cha udi. Mzee anaukumbuka udi ule ulivyomfikia, kwa mfanyabiashara Mwajemi aliyekuja na pepo za musimu miaka mingi nyuma, na ndani ya harufu yake imo bahari nzima ya Hindi pamoja na biashara zake, hila zake na urafiki wake. Afisa, ambaye wazazi wake mwenyewe walifika Uingereza wakiwa wageni wenye kutafuta hifadhi, anamsaili kwa upole, kisha anakichukua kijikasha kile akakiweka kwake. Hapigwi mtu, wala halisemwi neno kali; lakini msomaji anaufunga ukurasa akijua kuwa mbele yake umetendeka wizi, na kwamba ndivyo mengi yalivyochukuliwa kwetu, kwa adabu na kwa muhuri.

Huo ndio mwenendo wa Gurnah katika kila kitabu. Hapazi sauti, hatoi hotuba, wala hamgawii mtu ushujaa asioustahili. Waovu wake wana siku zao za huruma, na wema wake wana siku zao za woga. Watu wake aghalabu ni wale walioonewa na wakubwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, wamenyamaza kwa sababu hawana wa kumwambia, nao wanaokolewa, ikiwa kuna kuokoka, na jambo dogo kama vile mtu mmoja kumsikiliza mwenzake hadi mwisho.

Deni katika njia ya misafara

Tuje sasa kwenye Paradise. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaishi katika mji mdogo wa relini ambako baba yake ana hoteli isiyo na faida. Kila mara huja mgeni mmoja mtanashati, mfanyabiashara anayenukia manukato, Ami Aziz, naye kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa kuwa atasafiri na Ami. Anapandishwa garimoshi, anafikishwa pwani, anawekwa dukani, na hapo ndipo kijana mwenzake Khalil anapomfunulia kuwa yule bwana si ami yake hata kidogo: baba ameshindwa kulipa deni, na yeye Yusuf ni rehani. Khalil naye ni rehani. Baadaye Yusuf anachukuliwa katika msafara mkubwa wa kwenda bara kutafuta pembe, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, mtu katili mwenye maumivu yake. Wanavuka nyika na ziwa, wanakufa njiani kwa maradhi na kwa wanyama, wanatozwa hongo na kila mtawala, hadi wanapofika kwa sultani Chatu, ambaye anawanyang'anya mali yote, kwa hoja kwamba mfanyabiashara aliyewatangulia alichukua vitu vyake akatoroka bila ya kumlipa. Kisha anatokea Mzungu mwenye askari, anaamuru mali irudishwe, na kuanzia hapo kila mmoja, Mwarabu, Mswahili na mtu wa bara, anatambua kuwa nchi imeshapata bwana mwingine.

Ukikisoma kitabu hiki ukiwa Mwandoya utakiona kuwa ni kitabu cha deni toka mwanzo hadi mwisho. Yusuf analipa deni la baba yake; Khalil vivyo hivyo; Aziz analipa deni la mfanyabiashara asiyemjua; na juu ya wote anakuja mkoloni, ambaye hakumkopesha mtu yeyote kitu, akadai nchi nzima. Mkulima wa pamba wa Meatu, anayechukua mbegu na viuatilifu kwa mkopo mwanzoni mwa msimu, akakatwa siku ya kupima mzigo wake ghalani, hahitaji profesa wa kumfafanulia jinsi deni linavyoweza kuingia nyumbani kwa mtu na kukaa katika kiti cha mwenye nyumba.

Tena liko jambo la wapagazi. Watu waliobeba misafara ile ya karne ya kumi na tisa, kwa wingi wao, hawakuwa watumwa wala watu wa pwani; walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, waungwana waliojiajiri kwa ujira wa nguo, shanga na masango, waliokwenda Mrima wakati wa kiangazi na kurudi kabla ya mvua za kulima, na ambao kwao safari ya pwani ilikuwa ni kipimo cha uanaume. Mzigo wa mmoja ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Niliposoma sehemu hiyo na vijana wa hapa kijijini, wakati wa palizi, walitaka kujua uzito huo ni upi hasa, na tukakubaliana kuwa ni ndoo ya lita 20 ya maji aibebayo msichana kutoka kisimani, na juu yake nusu ya ndoo nyingine na zaidi kidogo. Kisha wakautia uzito huo begani, si hadi nyumbani, bali kwa muda wa miezi mitatu, kutoka Unyanyembe hadi baharini. Wakanyamaza. Na kwa hakika tangu hapo walisoma kwa macho mengine kila pahala mnyapara anapoinua fimbo yake.

Gurnah hakuficha ghururi ya watu wa pwani dhidi ya watu wa bara. Wafanyabiashara wake wanawaita wenyeji washenzi, wanawahadaa kwa nguo hafifu, wanajisifu kwa dini yao huku wakiweka watoto wa watu rehani. Na mtunzi, aliye mtoto wa pwani hiyo hiyo, anaweka yote hayo wazi bila ya kuwatetea jamaa zake. Hapo ndipo alipotutofautishia kalamu yake na ya wale wanaoisifu enzi ya kabla ya ukoloni kana kwamba ilikuwa bustani isiyo na nyoka. Pepo ya jina la kitabu chake ni bustani yenye ukuta ya tajiri Aziz, nzuri kwa anayeitazama kutoka nje. Na mtunzaji wake ni Mzee Hamdani, mtumwa aliyekataa kupokea uhuru alipopewa, kwa kuwa hakuona ni vipi mtu anaweza kumpa kitu ambacho Mwenyezi Mungu alishamuumba nacho. Ni wachache waliowahi kuutikisa msingi wa utumwa kwa maneno machache kama yale ya mzee huyo mnyamavu.

Askari waliosahauliwa

Paradise inaishia pale askari wa Wajerumani wanapokamata vijana kwa nguvu, vita vya mwaka 1914 vinakaribia, na Yusuf anaukimbilia mstari wao. Miaka 26 baadaye, katika Afterlives, Gurnah alirudi kwenye mlango huo huo aliouacha wazi. Humo yumo Hamza, aliyejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake kisha akajuta, akafundishwa kusoma Kijerumani na afisa mmoja, akakatwa upanga na mwingine, akarudi mji wa pwani akiwa kilema. Yumo Afiya, msichana yatima anayepigwa kwa kosa la kujua kuandika. Na yumo kaka yake Ilyas, aliyewapenda Wajerumani hata akawafuata kwao, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Hilo la mwisho si ndoto ya mtunzi: yuko mtu halisi, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto katika vita vile, aliyeishi Berlin na kufia katika kambi hiyo mwaka 1944.

Askari hao walikuwa akina nani? Walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wangoni, na kwa idadi kubwa walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ndio waliotumwa kuwazima ndugu zao wa kusini katika Vita vya Majimaji baina ya mwaka 1905 na 1907, wakachoma maghala ya chakula, wakaacha njaa iliyoua watu kwa maelfu mengi. Na ndio waliomfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck katika vita vikuu hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, na nyuma yao wapagazi wasiohesabika, waliokufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa mizigo. Katika shule zetu tumefundishwa majina ya majenerali. Gurnah ametuandikia usingizi wa askari, kiroboto katika blanketi lake, hofu aionayo katika macho ya wanakijiji anapowakaribia, na aibu anayorudi nayo nyumbani. Mjukuu wa askari huyo huenda leo analima choroko Kisesa au anachunga ng'ombe ukingoni mwa mto Simiyu, na ni haki yake kuijua habari hiyo.

Njia ya kurudi nyumbani

Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel, nyumba ya uchapaji ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, mwanazuoni mwenye asili ya Zanzibar anayesomesha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha SOAS, London, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifasiri hekaya ya Alisi ya Lewis Carroll. Wahakiki wameonyesha kuwa Gurnah, alipokuwa akiitunga riwaya ile, alizitumia habari za safari za Waswahili wenyewe, zile zilizokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, pamoja na maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia. Kwa maana hiyo mazungumzo ya wasafiri wale yalikuwa ya Kiswahili kabla ya kuvaa Kiingereza, na mfasiri amewarudishia lugha yao. Anayeisoma Peponi anamsikia Khalil akitania, mnyapara akifoka, Hamid akimbishia Kalasinga juu ya pepo na moto, kwa lafudhi ambayo Kiingereza, kwa utajiri wake wote, kiliweza kuigusia tu.

Hali hii ya kitabu kuzaliwa ugenini haikumpata Gurnah peke yake. Moses Isegawa, mzaliwa wa Uganda wa mwaka 1963, alihamia Uholanzi mwaka 1990, akawa raia wa huko, na riwaya yake ya kwanza, inayosimulia Uganda ya Idi Amin, ilitoka Amsterdam mwaka 1998 kwa Kiholanzi, ikanunuliwa kwa wingi na Waholanzi, kabla Waganda hawajapata kuisoma kwa lugha yoyote wanayoijua. Waandishi hawa wawili waliishi kwa wageni, wageni wakawatunza na kuwatuza, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kisa kinapokwenda mbali kiasi hicho, ni wajibu wa wenye nyumba kukifuata na kukirudisha.

Tena isidhaniwe kuwa bara halina watunzi wake. Upande wa pili wa maji yetu, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa ya Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakosa mchapaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee, nayo haikutoka mpaka mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Aliyeiongoza Tanzania Publishing House wakati huo ni Walter Bgoya, ambaye baadaye aliianzisha Mkuki na Nyota. Mkono ule ule uliomfikisha Kitereza kwa wasomaji ndio uliomfikisha Gurnah kwa Kiswahili. Na kisiwa hicho hicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyeigeuza sura ya riwaya ya Kiswahili kwa Rosa Mistika mwaka 1971. Fasihi yetu imekuwa ikisimama juu ya watu wachache wavumilivu. Ni wakati sasa isimame juu ya wasomaji wengi.

Katika mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, ambayo kila Msukuma anayajua, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia na kumzunguka. Hakuna meza ya mahakimu inayoweza kumpa ushindi mtu aliyeachwa peke yake uwanjani. Mahakimu wa Stockholm wametoa hukumu yao, nayo ni ya haki. Uliobaki ni uwanja wa nyumbani, ambao bado uko wazi.

Basi na tuseme linalohitajiwa bila ya kuzunguka. Peponi iwemo katika maktaba ya kila shule ya sekondari ya mkoa wa Simiyu, si nakala moja iliyofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, bali nakala za kutosha darasa moja kusoma pamoja. Afterlives na By the Sea nazo zinastahili kufuata njia hiyo hiyo ya Kiswahili, na serikali, ambayo tangu mwaka 2022 imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ingefanya ihsani kubwa kama ingewalipa wafasiri kama inavyowatuza watunzi. Na vijana wetu, ambao babu zao waliibeba historia ile begani bila ya kuulizwa majina, waisome hadithi kama mwana wa Malindi alivyoiona kutoka upande wa wenye mali, kisha wao waiandike kutoka upande wa mzigo, kwa Kiswahili chao na kwa majina ya vijiji vyao. Gurnah ameandika nusu yake kwa uaminifu mkubwa. Nusu iliyobaki ni deni letu, na deni hili, tofauti na lile la Yusuf, tumelirithi kwa heshima na tunaweza kulilipa.